Aina ya Terminali na Utafiti wa Kiswahili: Jinsi Ganda, Programu na Skrini Vinavyoelewana

1.0 Utangulizi



Naomba nianze mhadhara huu kwa neno ambalo halimo katika kamusi yoyote ya Kiswahili. Neno lenyewe ni "Kwatoto". Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea orodha ya maneno aliyoitoa katika kongoo lake la matini. Kusudi lake lilikuwa kuchunguza mazingira ambamo nomino "watoto" hutokea. Katika orodha yake neno "watoto" halikuwemo hata mara moja, ilhali "Kwatoto" lilitokea mara mamia. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, alikwisha kuandika aya mbili akijadili iwapo hicho ni kiambishi cha mahali kilichobebanishwa na nomino ya ngeli ya pili.

Hakikuwa kiambishi. Ilikuwa ni mabaki ya amri ya kupaka rangi, ambayo kompyuta iliikusudia skrini lakini ikaingia katika data. Aya mbili zilifutwa, na wiki kadhaa za kazi zikarudiwa. Kisa hiki ndicho kilichonisukuma kuchagua mada ya leo. Wengi wetu tunaoshughulikia isimu ya kongoo tunafanya kazi katika mstari wa amri, aghalabu kwa kuunganishwa na seva iliyo mbali, na tunazikopi amri bila ya kujua zinasemezana na nani. Lengo la mhadhara huu ni kueleza namna aina ya terminali inavyotambuliwa na kusetiwa, na kwa nini jambo hilo linamhusu mtaalamu wa lugha.

2.0 Istilahi za msingi

Kabla hatujaendelea, inafaa tukubaliane juu ya istilahi. Kwa neno "ganda" ninamaanisha programu inayopokea amri za mtumiaji zilizoandikwa kwa maneno, kuzifasiri na kuzipeleka zitekelezwe. Ganda linalotumika sana katika mifumo ya Linux ni Bash, lililoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989. "Terminali" ni kifaa chenye kibodi na skrini ambacho mtumiaji hukitumia kuzungumza na kompyuta. Siku hizi kifaa hicho ni nadra kukutikana. Tunachokitumia ni dirisha lenye kuiga kazi yake, nami nitaliita "kiigizi cha terminali". "Kigeu" ni jina linalobeba thamani iwezayo kubadilishwa. Ganda huhifadhi vigeu vingi na kuzirithisha programu linazozianzisha.

Yafaa kusisitiza tangu mwanzo kuwa ganda, programu na kiigizi ni pande tatu zilizo mbalimbali. Mtumiaji huviona katika dirisha moja akadhani ni kitu kimoja. Makosa mengi tutakayoyajadili huanzia katika dhana hiyo.

3.0 Lahaja za terminali na usanifishaji wake

Mfumo wa Unix ulianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani. Terminali za kipindi hicho zilikuwa mashine za kupiga chapa kwa mbali. Mojawapo, Teletype Model 33, iliweza kuchapa herufi kumi tu kwa sekunde, tena kwa herufi kubwa peke yake. Kifupisho "tty", ambacho bado kimo katika mifumo yetu, ni kumbukumbu ya mashine hizo. Karatasi haifutiki wala hairudi nyuma kwa urahisi. Kwa hiyo mawasiliano yalikuwa mepesi: kompyuta ilipeleka herufi, mashine ikachapa.

Zilipokuja terminali za skrini, mambo yalibadilika. Sasa iliwezekana kufuta skrini nzima, kukihamisha kishale mahali popote na kung'arisha baadhi ya maneno. Kila kiwanda kilibuni alama zake za kuamuru mambo hayo. Ili kufuta skrini, terminali ya ADM-3A ilitaka ipelekewe alama moja tu, ile yenye nambari 26. Terminali ya VT52 ilitaka alama ya ESC, yenye nambari 27, ikifuatwa na herufi H, kisha ESC nyingine ikifuatwa na J. Nayo VT100, iliyotolewa mwaka 1978, ilitaka mabano ya mraba yaingie baina ya ESC na herufi hizo. Programu iliyoizoea ADM-3A ilipokutana na VT100 ilikuwa kama mgeni anayesema lahaja isiyojulikana mtaani: sauti zinasikika, maana haipatikani.

Sisi wa taaluma za Kiswahili tatizo hili si geni kwetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia usanifishaji huo. Katika ulimwengu wa terminali njia mbili zilifuatwa. Njia ya kwanza ilikuwa hiyohiyo ya kusanifisha. Kiwango cha ECMA-48 kilitolewa mwaka 1976, na kile cha Marekani, ANSI X3.64, mwaka 1979. VT100 ilifuata mkondo huo, na kwa kuwa ilienea sana ikawa kama Kiunguja cha terminali. Takriban viigizi vyote vya leo vinasema lahaja iliyotokana nayo.

Njia ya pili ilikuwa kutunga kamusi ya lahaja. Mwaka 1978 Bill Joy, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitunga mkusanyo uitwao termcap. Badala ya kila programu kujifunza lahaja zote, programu ilisoma kamusi moja iliyoeleza kila terminali inaamriwaje. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mary Ann Horton alibuni terminfo, ambayo ndiyo inayotumika zaidi leo kupitia maktaba ya ncurses. Usanifishaji haukuiondoa haja ya kamusi, kwani hata wasemao lugha sanifu huwa na tofauti zao. Kiigizi kimoja kina rangi 8, kingine 256. Kimoja hupeleka alama hii pindi kitufe cha kufutia kinapobonyezwa, kingine hupeleka ile.

4.0 Kigeu cha TERM

Programu itajuaje ifungue ukurasa gani wa kamusi? Hutazama kigeu kiitwacho TERM. Thamani ya kigeu hicho ni jina la aina ya terminali. Mtumiaji anaweza kulisoma kwa amri ifuatayo:

echo $TERM

Majibu ya kawaida ni xterm-256color, linux, screen-256color, tmux-256color au vt100. Yapo mambo matatu ambayo yapasa kuzingatiwa hapa.

Kwanza, TERM ni madai wala si ushahidi. Programu hailiulizi dirisha lina uwezo gani. Huamini jina iliyopewa. Ukiandika TERM=vt100, dirisha lako halipunguziwi rangi. Kinachobadilika ni kile ambacho programu inakiamini kuhusu dirisha hilo.

Pili, mwenye haki ya kulitoa jina hilo ni kiigizi chenyewe, kwa sababu ndicho kinachojua kinasema lahaja gani. Mtumiaji anapoungana na seva kwa ssh, jina hilo husafirishwa pamoja na ombi la kufungua kikao. Kinachosafiri ni jina peke yake; ukurasa wa kamusi haufuati. Ikiwa seva haina ukurasa wenye jina hilo, mgeni amefika na utambulisho usiosomeka.

Tatu, thamani ya TERM huweza kuhitaji kubadilika katikati ya safari. Programu za tmux na screen, ambazo hukiweka kikao hai hata mtandao unapokatika, husimama baina ya kiigizi na ganda. Ganda lililo ndani yake halizungumzi tena na dirisha moja kwa moja, bali na mkalimani huyo. Ndiyo maana ndani ya tmux jina huwa screen au tmux, pamoja na viambishi tamati vyake vya rangi.

5.0 Dalili na tiba

Dalili za TERM isiyolingana na hali halisi ni dhahiri kwa anayezijua. Kihariri cha vi hulalamika kuwa aina ya terminali haijulikani. Programu ya less huonya kwamba terminali haina uwezo kamili. Mishale ya kibodi huandika herufi za ajabu badala ya kusogeza kishale. Wakati mwingine mistari huandikwa juu ya mistari, na mtumiaji akadhani faili lake limeharibika, kumbe lipo salama na kasoro iko katika maonyesho tu.

Hatua ya kwanza ni kuuliza iwapo seva inalijua jina lililotajwa:

infocmp $TERM

Ukurasa ukipatikana, maelezo yake yatachapwa. Usipopatikana, zipo tiba mbili. Tiba ya haraka ni kuchagua jina la jamaa wa karibu ambalo seva inalijua, kwa kikao hicho tu:

export TERM=xterm-256color

Kwa viigizi vingi vya kisasa tiba hii hutosha, kwa sababu lahaja zao zinakaribiana mno na ile ya xterm. Tiba iliyo bora zaidi ni kuupeleka ukurasa wenyewe kwenye seva. Hufanywa kutoka kompyuta yako, mahali pa neno "seva" ukiandika jina la seva unayoitumia:

infocmp -x | ssh seva tic -x -

Amri ya kwanza huuandika ukurasa wa kamusi kwa maneno. Tic, kule seva, huukusanya na kuuhifadhi. Asiye msimamizi wa seva hana haja ya kuomba ruhusa, kwani ukurasa wake utawekwa katika saraka ya .terminfo iliyo ndani ya makao yake mwenyewe.

Ipo tiba ya tatu ambayo huzaa ugonjwa mwingine. Watumiaji wengi huuandika mstari wa export TERM katika faili la .bashrc, ambalo husomwa kila ganda linapoanza. Kwa kufanya hivyo wanaliamuru ganda liseme jina lilelile popote lilipo: ndani ya tmux, katika terminali halisi ya mashine, hata katika programu isiyo na uwezo wowote wa skrini. Ni sawa na mtu anayejitambulisha kuwa Mvita kila aendako, hata mbele ya watu wanaomfahamu kuwa ametoka Pemba. Ikiwa tmux inatoa jina lisilofaa, mahali pa kulirekebisha ni faili la usetaji la tmux lenyewe, katika kipengele cha default-terminal.

Tatizo la kitufe cha kufutia ni la kando kidogo. Vipo viigizi vinavyopeleka alama yenye nambari 127 na vipo vinavyopeleka ile yenye nambari 8. Mfumo ukitarajia moja na kupata nyingine, badala ya kufuta utaona ^H au ^? kwenye mstari. Tiba yake haimo katika TERM bali katika amri ya stty: andika stty erase, acha nafasi, kisha ubonyeze kitufe chenyewe. Na skrini ikivurugika kabisa, kama baada ya kuonyesha faili lisilo la maandishi, andika reset hata kama huyaoni unayoyaandika, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza.

6.0 Kisa cha "Kwatoto"

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Alitumia grep kuitafuta mistari yenye "watoto" na kuihifadhi katika faili. Grep ina uwezo wa kulipaka rangi neno lililopatikana. Ili kufanya hivyo, hutanguliza mfuatano wa ESC unaoishia kwa herufi m, halafu mfuatano mwingine unaoishia kwa herufi K. Baada ya neno hufuata tena mmoja wa m na mmoja wa K. Kiigizi huila mifuatano hiyo na kuonyesha wekundu tu.

Ndani ya faili hakuna kiigizi. Alama zote zilibaki zilivyo. Mwanafunzi alipoyatenga maneno kwa kuondoa kila kisicho herufi, alama za ESC, mabano na tarakimu viliondoka, lakini herufi m na K zilibaki. Herufi m ilisimama peke yake. K ya kwanza ilikuwa imegandana na neno lililofuata, na "watoto" ikawa "Kwatoto". Tulipoikagua orodha tulikuta kila "Kwatoto" moja ina "m" mbili na "K" moja inayoelea. Kwa mtaalamu wa lugha za Kibantu, balaa ni kwamba takataka hizi zinafanana na mofimu. Herufi "m" ikisimama peke yake humvuta msomaji kuwaza kiambishi cha ngeli ya kwanza au ya tatu.

Kosa lilitoka wapi? Mwanafunzi alikuwa ameweka katika usetaji wake chaguo la --color=always, yaani paka rangi daima. Chaguo lifaalo ni --color=auto. Kwa chaguo hilo, grep huuliza kwanza iwapo maandishi yanaelekea kwenye terminali, na iwapo TERM imetajwa na thamani yake si dumb, yaani terminali bubu. Maandishi yakielekea kwenye faili, rangi haipakwi. Nashauri kila faili la data likaguliwe kabla ya kuhesabiwa:

grep -c $'\033' faili.txt

Amri hii huhesabu mistari yenye alama ya ESC. Jibu lisipokuwa sifuri, faili hilo halifai kuhesabiwa mpaka lisafishwe.

7.0 Herufi ng' mbele ya ganda

Aina ya terminali ikishasetiwa vyema, linabaki suala la usimbaji wa herufi, ambalo husimamiwa na vigeu vingine: LANG, LC_CTYPE na LC_ALL. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haina viambatanishi juu ya herufi, na kwa hiyo wengi hudhani kuwa suala hili halituhusu. Linatuhusu kwa sababu ya ritifaa iliyomo katika ng'.

Tofauti ya "ng'oa" na "ngoa" ni tofauti ya fonimu: la kwanza ni kitendo cha kutoa kitu na mizizi yake, la pili ni tamaa au wivu. Ukiandika grep ng'oa faili.txt, ganda litaichukua ritifaa kuwa ni mwanzo wa nukuu na kukaa likingoja nukuu ifungwe. Dawa yake ni kulizungushia neno nukuu mbili: "ng'oa".

Hata hivyo, vichakata maneno vingi huibadili ritifaa iliyonyooka ikawa ya kupinda. Katika UTF-8, usimbaji uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ritifaa iliyonyooka ni baiti moja na ile ya kupinda ni baiti tatu. Mtafiti atakayetafuta moja ataikosa nyingine bila kuonywa. Anaweza kuzitafuta zote mbili hivi:

grep "ng['’]oa" faili.txt

Utafutaji huu hufaulu tu ikiwa LC_CTYPE imesetiwa kwa UTF-8. Katika mazingira ya C, ganda na programu zake huhesabu baiti badala ya herufi. Mabano ya mraba yatawakilisha baiti moja, na neno lenye ritifaa ya kupinda litapitwa kimya kimya. Amri ya locale itaonyesha hali ilivyo, na locale -a itaorodhesha mazingira yaliyomo. Seva nyingine zina sw_TZ na sw_KE, zisipokuwepo, C.UTF-8 au en_US.UTF-8 hutosha kwa kazi ya herufi. Lililo bora zaidi ni kuzigeuza ritifaa zote ziwe za namna moja mwanzoni mwa utafiti, na kulieleza hilo katika sura ya mbinu.

8.0 Mpaka wa terminali

Upo mpaka ambao TERM haiwezi kutuvusha. Hati za tenzi za pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu huenda kutoka kulia kwenda kushoto, na umbo la herufi hutegemea jirani zake. Terminali ilibuniwa kama gridi ya vyumba, kila herufi na chumba chake, kuanzia kushoto. Baadhi ya viigizi vimejitahidi. Maktaba ambayo GNOME Terminal huitumia iliongezewa uwezo wa kuchanganya mielekeo miwili mwaka 2019. Vingine bado huonyesha herufi zilizotengana au zilizopinduka. Mtafiti asihukumu usahihi wa faili la hati hizo kwa kulitazama katika terminali. Alifungue katika kihariri chenye kuufahamu mwelekeo huo, kisha ndipo aamue.

9.0 Hitimisho

Tumeona kuwa usetaji wa aina ya terminali ni suala la maelewano baina ya pande zisizoonana. Kiigizi hutaja jina, jina husafiri, na programu hufungua kamusi kwa jina hilo. Jina likikosewa, skrini huvurugika, na hilo ni dogo kwa kuwa linaonekana. Hatari kubwa ni alama zilizokusudiwa skrini zinapoingia katika data, au herufi inapopitwa bila taarifa, kwa sababu hapo matokeo huonekana safi.

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kwa hatua hiyo ukaonyesha kuwa Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya zana za kompyuta. Lililobaki kwetu ni kuzijua zana hizo kwa kina kinachostahili utafiti. Mtaalamu anayekagua hati ya kale huuliza kwanza nani aliyeinakili na kwa mwandiko gani. Kongoo nalo lastahili maswali hayo. Mwanafunzi wetu sasa huanza kila kazi kwa kuangalia TERM, locale na alama za ESC. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, na "Kwatoto" haikurudi tena.